Pikapu Iliyokunywa Maji Bila Kuacha Tone

Wasomaji wa safu hii, hasa walimu wenzangu na wanafunzi wetu, wataniwia radhi leo nikiwatoa darasani na kuwapeleka gereji. Sikukusudia hata siku moja kuandika habari za magari. Mimi ni mwalimu wa Fizikia kwa miaka ishirini na minne sasa, na pikapu yangu ni kuukuu, ya dizeli, ya aina ile ambayo wakulima wa Njoro na Molo huijaza viazi hadi springi zikalalama. Lakini yaliyonifika mwezi wa Aprili 2024 katika njia ya Eldoret yamekataa kunitoka moyoni, na naona yanawahusu zaidi watu wa chaki kuliko watu wa spana.

Mambo yalianza polepole. Tangu mwezi wa Januari, kila Jumamosi nilipoinua boneti, nilikuta maji ya rejeta yamepungua. Kwanza yalipungua kiasi cha kikombe cha chai, kisha vikombe viwili, na kufikia Machi nilikuwa nikimimina chupa nzima ya nusu lita. Nilipoinama kutazama mvunguni, sikuona kitu. Ardhi ilikuwa kavu, vumbi lake halina hata alama ya tone. Basi nilijaza maji ya bomba, nikafunga kifuniko, nikaendelea na safari zangu. Maadamu gari lilikuwa likienda, nilijiambia kwamba gari kuukuu ni kama mzee, haliishi kiu. Mwanafunzi wangu angaliniandikia jibu la namna hiyo katika karatasi ya mtihani, ningalimpa sifuri na kumwita ofisini.

Siku ya safari yenyewe mvua za masika zilikuwa zimeshika kweli. Tulikuwa wawili, mimi na mpwa wangu aliyekuwa Kidato cha Tatu, mwana wa dada yangu afanyaye kazi Uarabuni. Shule zilikuwa zimefungwa, naye huwa kwangu kila likizo. Tulipakia magunia kumi na mawili ya viazi, tukatoka Nakuru alfajiri, tukapanda kupitia Salgaa na Mau Summit. Yeyote aijuaye njia ile anajua jinsi injini inavyolia katika mwinuko huo. Tulipokaribia Timboroa, mahali palipo zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, mshale wa joto ulipanda ghafla ukaingia katika wekundu. Niliegesha kando, mvuke ukifuka kutoka pande zote za boneti.

Mnunuzi wa viazi alikuwa akinipigia simu kila baada ya dakika kumi. Kando ya barabara palikuwa na mtaro uliojaa maji ya mvua. Nilichukua mtungi, nikamwambia kijana, "Hebu fungua kifuniko cha rejeta, nami niteke maji."

Alinitazama. "Mjomba, si bado ni moto?"

"Shika kwa kitambaa," nikamjibu.

Hayo ndiyo maneno yangu, nami siwezi kuyapunguza wala kuyapamba. Yalitoka kinywani mwa mtu ambaye kila mwaka husimama mbele ya darasa na kueleza, tena kwa michoro, kwa nini chakula huiva haraka katika sufuria ya mgandamizo. Kifuniko cha rejeta ni sufuria hiyo hiyo. Juu yake huandikwa tarakimu, aghalabu 0.9, na maana yake ni kwamba springi iliyo ndani haitaachia mpaka mgandamizo wa maji uuzidi ule wa hewa ya nje kwa kilopaskali 90 hivi. Kule Mombasa, chini ya kifuniko kama hicho, maji matupu hayachemki hadi yafike karibu nyuzi 119. Timboroa, ambako hewa ni nyepesi, huchemka kwenye kiasi cha nyuzi 113. Ukikiondoa kifuniko, maji hayo hayo yanatakiwa kuchemka kwenye nyuzi 91 tu. Sasa, maji yaliyo na nyuzi 110, yakiambiwa kwa ghafla kwamba kiwango chao cha kuchemka ni 91, hayana hiari. Sehemu yake hugeuka mvuke papo hapo. Nilipiga hesabu baadaye, usiku, kwa kalamu: kila lita moja ya maji hayo hutoa yapata lita themanini za mvuke, na mvuke huo husukuma nje maji yaliyobaki kama risasi. Hesabu hiyo ningeweza kuipiga pale kando ya barabara, bila kalamu, laiti ningalitaka kufikiri.

Kijana alikuwa amegeuza uso pembeni. Hilo peke yake ndilo lililoyaokoa macho yake. Mkono wa kulia uliungua kutoka kifundo hadi karibu na kiwiko.

Wachuuzi wa karoti walitukimbilia. Mmoja alileta dawa ya meno, akitaka kuipaka. Hapo angalau akili ilinirudia. Kidonda cha moto hakitaki dawa ya meno, wala unga, wala yai, wala siagi. Kinataka maji safi ya baridi yanayotiririka, kwa dakika ishirini kamili, na baada ya hapo kitambaa safi na safari ya kwenda kwa daktari. Mama mmoja alitupa mtungi wake wa maji ya kunywa, akaenda kuleta wa pili. Simu ya mnunuzi iliendelea kulia ndani ya gari.

Nililikokota gari hadi mjini kwa msaada wa lori. Fundi wa kwanza niliyempata aliinua boneti, akaitazama injini kwa muda usiozidi dakika moja, bila kuigusa, akatoa hukumu: "Mwalimu, hii ni gasketi ya silinda hedi. Lazima tufungue injini." Bei yake ilikuwa shilingi elfu sitini na tano. Sikuwa nazo. Nilizokuwa nazo ni karo ya muhula wa pili aliyoituma dada yangu, pamoja na akiba kidogo. Nakiri kwamba nilianza kuzijumlisha kichwani, huku mwenye karo akiwa ameketi kwenye tairi kuukuu, mkono umefungwa bendeji.

Ni yeye aliyeuliza, kwa sauti ya chini, "Amejuaje?"

Swali la neno moja hilo lilinitoa pale. Nilitoa visingizio, nikapakua viazi kwa hasara, na kesho yake pikapu ikarejeshwa Nakuru juu ya gari jingine, kwa fundi mzee wa jua kali ambaye karakana yake ni mti wa mjakaranda na mabati matatu.

Mzee huyu hakunipa jibu. Alinipa maswali. Maji hupungua kila siku au siku za safari tu? Safari fupi au ndefu? Likiwa tupu au likiwa na mzigo? Hita ikiwashwa, je, kuna harufu tamu ndani ya gari? Zulia la upande wa abiria lina unyevu? Asubuhi gari likiwashwa, moshi mweupe hutoka na kukoma, au huendelea? Mengi sikuweza kuyajibu, kwa kuwa miezi mitatu nzima nilikuwa nikimimina maji bila kuandika hata tarehe. Mpwa wangu alijibu mawili matatu. Kumbe alikuwa akitazama.

Kisha akaanza kuondoa mashaka moja baada ya jingine. Kwanza alichomoa kijiti cha kupimia oili. Laiti maji yangekuwa yanaingia katika oili, ingegeuka rangi kuwa kama chai ya maziwa. Ilikuwa nyeusi, kama oili ya dizeli ilivyo siku zote. Akaijaza rejeta injini ikiwa baridi kabisa, akaacha kifuniko wazi, akawasha, na kumwambia kijana ainamie kwa mbali atazame kama mapovu yanatoka mfululizo. Gasketi ya silinda hedi ikiwa imekatika, gesi ya mlipuko hupenya kwenye maji na kutoa mapovu yasiyokoma, na mpira wa juu wa rejeta huwa mgumu kama jiwe dakika moja tu baada ya kuwasha injini iliyo baridi. Hapakuwa na mapovu. Mpira ulikuwa laini. Nyuma, moshi ulikuwa wa kawaida. "Gasketi tuiweke kando," akasema. Hakusema kwamba ni nzima. Alisema tuiweke kando. Nimewahi kuhudhuria semina nyingi za mbinu za ufundishaji, na sijapata kusikia mtu akitofautisha mambo hayo mawili kwa ufasaha kama huo.

Hatimaye alileta kifaa ambacho ndicho kiini cha habari hii: pampu ndogo ya mkono yenye saa ya kupimia mgandamizo, inayofungwa kwenye mdomo wa rejeta mahali pa kifuniko. Injini ikiwa baridi, unapiga hewa hadi kiwango kile kile kilichoandikwa kwenye kifuniko, wala usikizidi, kisha unangoja. Mfumo mzima wa maji unakuwa na mgandamizo ule ule wa mwinuko wa Timboroa, ila hakuna joto la kukuunguza, hakuna feni ya kupeperusha ushahidi. Mshale ulisimama 0.9. Baada ya robo saa ulikuwa 0.6. Maji yalikuwa yakitoka mahali fulani, na sasa ilikuwa kazi ya tochi na subira.

Walianza na mipira. Fundi aliiminya mmoja mmoja, hasa ncha zake, kwa kuwa mpira huanza kuchakaa pale unapobanwa na klempu. Mmoja wa chini ulikuwa na nyufa ndogo ndogo, lakini mkavu. Wakatazama viungo vya rejeta, pembe zake, tangi lake la chini. Wakainua zulia kutafuta unyevu wa hita. Pakavu. Wakamulika vifuniko vidogo vya chuma vilivyo ubavuni mwa injini, ambavyo hula kutu kutoka ndani. Vizima. Nusu saa ilipita, nami nikaanza kufikiri kwamba labda yule fundi wa mjini hakukosea. Ndipo kijana, aliyekuwa amelala chali juu ya katoni huku mkono wake wa bendeji ukiwa kifuani, akasema, "Fundi, nyuma ya feni kuna mstari mweupe."

Ulikuwa utepe mwembamba wa chumvichumvi, mithili ya njia ya konokono, ukishuka kutoka chini ya pampu ya maji. Na penye chanzo chake palikuwa na kitundu kidogo kinachotosha ncha ya penseli. Tulipokuwa tukitazama, tone moja lilijikusanya pale, likanenepa, likaanguka.

Kitundu hicho si ubovu. Kimetobolewa kiwandani makusudi. Ndani ya pampu, ekseli inayozungusha mapanga hupita katika kizibo kinachozuia maji, na nyuma ya kizibo hicho kuna beringi zenye grisi. Kizibo kikichakaa, maji yakipenya, yanatakiwa yatoke nje kupitia kile kitundu badala ya kuingia katika beringi na kuiosha grisi. Kwa hiyo kitundu ni kengele. Fundi alitueleza kwamba amewahi kufungua pampu ambazo vitundu vyake vimezibwa kwa gundi ya chuma na watu waliodhani wameponya gari. Maji yakikosa njia huua beringi, ekseli huyumba, na siku moja feni huikata rejeta. Alishika feni yetu akaitikisa mbele na nyuma, nayo ikacheza kidogo. Beringi ilikwisha kuanza kuchoka.

Na kwa nini ardhi ilikuwa kavu miezi yote hiyo? Jibu lilikuwa mbele ya macho yangu. Gari likisimama nyumbani, mgandamizo hupungua na uvujaji hupungua nao. Gari likipanda mlima, mgandamizo huongezeka, maji hutoka, lakini feni iko hapo hapo, hupeperusha matone hadi kwenye chuma chenye moto, na chuma huyakausha kabla hayajafika chini. Mimi nilikuwa nikitafuta maji mahali na wakati ambapo hayangeweza kuwapo.

Pampu ilipofunguliwa tulipata kujua pia kwa nini kizibo kilikufa. Maji yaliyotoka yalikuwa ya rangi ya udongo, na ndani ya pampu palikuwa na kutu iliyosagika kama mchanga laini. Hiyo ilikuwa kazi ya mikono yangu. Kulanti, yale maji ya rangi yauzwayo kwa galoni, mimi niliyahesabu kuwa ni ya nchi za barafu, kwa kuwa huku kwetu maji hayagandi ndani ya gari. Kumbe kuzuia kuganda ni sehemu moja tu ya kazi yake. Huzuia kutu, huchelewesha kuchemka, na huepusha uchakavu wa kizibo cha pampu. Mimi nilikuwa nimeyafifisha chupa kwa chupa hadi yakabaki maji matupu ya bomba. Rafiki yangu mmoja aliwahi kupasua yai bichi ndani ya rejeta ili liive na kuziba tundu. Nilimcheka, lakini sasa naona tofauti yetu ni ndogo.

Palikuwa na jambo jingine. Thamostati haikuwapo. Kifaa hicho hukaa kama mlango kati ya injini na rejeta. Injini ikiwa baridi hufunga, na maji yakifika kiasi cha nyuzi 82 hufunguka. Miaka kadhaa nyuma, fundi fulani alikiondoa, akanihakikishia kuwa gari la Afrika halikihitaji. Imani hiyo imeenea mno nchini. Injini isiyo na thamostati huchelewa kupata joto lake, hula mafuta zaidi, na vyuma vyake huchakaa upesi, kwa sababu vimetengenezwa vikutane vizuri katika joto fulani wala si chini yake. Thamostati iliyokwama huponywa kwa kuwekwa nyingine.

Matengenezo yenyewe yalichukua saa nne. Fundi aliondoa feni na mkanda wake, akafungua bolti za pampu, akakwangua mabaki ya gasketi kuukuu hadi chuma kikang'aa, kwa kuwa gasketi mpya juu ya mabaki ya ile ya zamani ni uvujaji mwingine unaosubiri. Alisafisha mfumo kwa maji mara tatu hadi yakatoka meupe. Pampu mpya ilipowekwa, bolti alizikaza kidogo kidogo, akiruka kutoka upande mmoja hadi mwingine, ili zibane kwa usawa. Aliweka thamostati, mkanda mpya na ule mpira wa chini wenye nyufa, akajaza kulanti nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa. Mabaki ya galoni aliyafungia kabatini, akieleza kwamba kulanti ina utamu, na kwamba mtoto au mbwa akiyanywa figo zake huharibika.

Baada ya hapo alisukuma gari pua ikaelekea juu ya mteremko, kifuniko wazi, hita imefunguliwa yote, injini ikinguruma polepole, ili hewa iliyonaswa ndani ipate kutoka. Alimweka mpwa wangu karibu na mpira wa juu, amguse mara kwa mara kwa kidole cha mkono mzima. Ulikaa baridi muda mrefu. Ghafla kijana akaruka. "Umepata moto! Imefunguka!" Maji katika rejeta yakashuka, fundi akaongeza. Ile pampu ya mkono ikafungwa tena baadaye, gari lilipopoa. Mshale ulisimama 0.9 kwa robo saa, kwa nusu saa. Gharama yote, vifaa na ujira, haikufika robo ya zile elfu sitini na tano.

Katika mtihani wa mwisho wa muhula wa kwanza, kijana huyu aliulizwa kwa nini maji hutumika kupoza injini. Aliandika, kwa Kiingereza, kuwa maji yana uwezo mkubwa wa kubeba joto, akapata alama zake mbili. Jibu ni sahihi. Lakini yeye, na mimi niliyemfundisha jibu lenyewe, tuliposimama mbele ya maji yenyewe, yenye joto lenyewe, elimu yetu ilibaki shuleni. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza 1985 wazazi walichanga fedha zikajengwa karakana. Katika shule yangu ya kwanza kufundisha, karakana hiyo niliikuta imekuwa stoo ya mahindi. Tangu 2019 mtaala wa umilisi umekuwa ukipanda darasa kwa darasa, na mazungumzo ya walimu ni yale yale: vifaa havipo, maabara hazitoshi. Ni kweli, wala silipuuzi hilo. Ila ile pampu ya mkono haina thamani ya kompyuta, na maswali ya mzee yule hayana bei kabisa. Tangu wakati huo huanza somo la mgandamizo kwa kifuniko kuukuu cha rejeta, kikizunguka mikononi mwa wanafunzi, nami huwasimulia ya Timboroa yote, pamoja na maneno niliyoyasema. Walimu wawili wa idara wameniambia kwamba najishushia hadhi.

Dada yangu nilimpigia simu jioni ile ile ya ajali. Alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza, "Ulimwambia afungue wewe?" Nikamjibu ndiyo. Mpaka leo hajalirudia jambo hilo, nami sijathubutu kumwuliza amelihifadhi wapi.

Mafuriko ya mwaka ule yalichelewesha kufunguliwa kwa shule hadi tarehe 13 Mei, hivyo mkono ulipata muda wa kupona, ingawa ngozi yake imebaki na rangi mbili. Wiki hizo zote kijana aliweka daftari ndani ya gari. Kila asubuhi, injini ikiwa baridi, alitazama kiwango katika chupa ya akiba, akaandika tarehe na urefu wa maji kwa milimita. Siku ya kumrudisha shuleni tulipita Timboroa tena, sanduku lake na godoro vikiwa nyuma. Mshale ulikuwa katikati, haujatikisika. Niliegesha pale pale, kwa sababu nilitaka kumshukuru yule mama wa mtungi, lakini hatukumkuta. Kijana aliinua boneti, akainamia chupa ya akiba bila kugusa chochote, akalitazama daftari lake.

"Haijashuka, Mjomba," akasema, akafunga boneti.